Zamu ya Mgeni

Gharibu alipotoka msikitini adhuhuri alikuta bao lake limechezwa.

Halikuwa jambo la kumtisha mtu. Bao lilikuwa pale pale alipoliacha, barazani mbele ya duka lake mjini Kasulu, na kete zilikuwa zimepangwa vile alivyozipanga asubuhi kabla wateja hawajamkatiza. Ila upande wa pili, ambako hakuna mtu aliyekuwa amekaa, kete za shimo moja zilikuwa zimechotwa na kusambazwa shimo kwa shimo, na kete zake kadhaa zilikuwa zimeliwa. Gharibu alisimama na kanzu yake, akautazama mchezo ule kwa muda mrefu. Ulikuwa mchezo mzuri, na hilo ndilo lililomponza.

Akamuuliza Dadi, fundi cherehani aliyepanga pembe ya baraza, ni nani aliyepita pale. Dadi akamkumbusha kwamba wametoka msikitini pamoja, na kwamba yeye bao halijui, anajua mapindo ya suruali tu. Gharibu akacheka. Akasema basi mji huu una mtu mwenye tabia za mwizi na akili za fundi. Kisha akachutama, akachota kete za shimo lake mwenyewe, akajibu.

Angeziacha zilivyo, labda hadithi hii isingekuwepo. Lakini Gharibu kuacha bao bila kujibu ni sawa na fisi kuacha mfupa. Alizaliwa Ujiji, akalelewa chuoni kwa Mwalimu Hilali, mzee aliyefundisha watoto Kurani asubuhi na kuwafunga watu wazima bao jioni, na vyote viwili Gharibu alivipata kwake, ingawa cha pili alikishika zaidi. Tangu ahamie Kasulu hakuna aliyewahi kumfunga. Alipenda kulisikia jambo hilo likisemwa, na lisiposemwa alilisema mwenyewe.

Nyuma ya majigambo hayo alikuwa mtu mwenye hofu. Mkewe Mwajabu, binti wa mfanyabiashara wa Kibondo, alikuwa mjamzito. Mimba zake mbili za kwanza ziliharibika, na hii ya tatu ilikuwa imeshika, tumbo limetokeza, na Gharibu hakuthubutu hata kununua kipande cha kanga cha kumpokelea mtoto, asije akaonekana anajihesabia ambacho hajapewa. Duniani alikuwa na duka, sifa na tumbo lile, na viwili vya kwanza angevitoa sadaka siku yoyote kwa ajili ya hilo la tatu.

Sasa bao lenyewe alilipataje. Wiki chache nyuma alikuwa akirudi kutoka Kibondo na magunia ya maharage ndani ya lori la Kipriani, dereva wa Kiha ambaye hakuwa na maneno mengi. Maji ya injini yakachemka njiani. Kipriani akaenda na debe kutafuta kijito, na Gharibu akajipenyeza kwenye migomba kutafuta kivuli. Mle ndani kulikuwa na mji wa familia moja uliohamwa. Ilikuwa mwaka mmoja baada ya Operesheni Vijiji, watu wote wa mabondeni wamehamishiwa vijiji vipya kando ya barabara, nyumba zao zimeezuliwa, na magugu yalikuwa yameshafika madirishani. Uani, chini ya kipande cha upenu kilichobaki, palikuwa na bao juu ya mawe matatu, na mbele yake kiti cha mti kilichowambwa ngozi ya ng'ombe. Kete zilikuwa mashimoni, upande huu na upande ule, kana kwamba wachezaji wameinuka kidogo kumsindikiza mtu na wanarudi sasa hivi.

Gharibu akaona kilichoachwa hakina mwenyewe. Akazimimina kete kwenye leso bila kutazama zilivyokaa, bao akalitia kwapani, na kiti nacho akakibeba, maana kilikuwa kiti kizuri.

Kipriani alimtazama akitoka migombani. Akamuuliza kama alipiga hodi.

"Nyumba haina paa," Gharibu alisema. "Nimpigie nani hodi?"

Dereva akamimina maji ya debe kwenye injini. Safari iliyobaki Gharibu alisafiri nyuma juu ya magunia pamoja na mali yake mpya, kwa sababu Kipriani alikataa vitu vile vikae mbele karibu naye.

Basi mchezo ukaendelea. Kila siku Gharibu alijibu, kila adhuhuri alikwenda kuswali, na kila aliporudi alikuta zamu ya pili imeshachezwa. Mwanzoni alifurahi, kwa maana alikuwa amepata mtu wa kiasi chake. Kisha akataka kumjua. Akalihamisha bao kutoka barazani, akaliweka uani, kwenye upenu wa nyuma unaotazamana na mlango wa nyumba, akaweka na kiti cha ngozi mbele yake, akafunga lango la ua kwa kufuli na ufunguo akaenda nao msikitini. Aliporudi kufuli lilikuwa limefungwa na bao limechezwa. Uani palikuwa na harufu ya majivu yaliyomwagiwa maji, ile harufu ya jiko linalozimwa haraka, na siku hiyo Mwajabu hakuwa amewasha moto huko nje.

Kulikuwa na jambo jingine. Mchezaji yule alikuwa anacheza kinyume. Kete za mashimo ya pembeni, ambazo kwa bao la Ujiji zinakwenda mbele tu, yeye alizirudisha nyuma, akaja kumla Gharibu mahali ambapo Gharibu alijua hawezi kuliwa. Alikasirika, akasema huo ni wizi. Kesho yake akaliwa tena vile vile. Kwa mara ya kwanza tangu utotoni alikaa mbele ya bao asijue pa kutia mkono.

Jioni moja, wakati anakula, Mwajabu akamuuliza kwa sauti ya chini ni kwa nini siku hizi anarudi adhuhuri mapema kisha anatoka tena.

"Sirudi," alisema Gharibu. "Nakuwa msikitini."

Mwajabu akaacha kumega. "Basi ni nani anayecheza hapo nje? Nikijilaza mchana nazisikia kete. Tak, tak, tak, polepole, kama mtu anayewaza. Nikadhani ni wewe, nikaona nisikusumbue."

Gharibu akamwambia labda ni panya. Alilala akiwa na hasira na nafsi yake, maana hakuwa mtu wa kumdanganya mkewe na sasa alikuwa ameanza.

Siku iliyofuata aliliwa vibaya. Mchezaji yule alirudi nyuma kutoka shimo la pembeni, akala, akazunguka, akala tena, na upande wa Gharibu ukawa kama shamba lililopitiwa na ngedere. Kabla hajamaliza kutazama hasara yake alimsikia Mwajabu akimwita kutoka ndani. Damu ilikuwa inamtoka.

Walimkimbiza hospitali ya misheni Kabanga kwa lori la Kipriani. Masista wakamlaza, damu ikasimama, wakasema mtoto bado yupo ila mama asinyanyue kitu wala asisimame sana. Akarudishwa nyumbani akalazwa chumba cha nyuma, karibu na mlango wa uani, apate hewa. Gharibu alikuwa bado hajaunganisha mambo. Aliyaunganisha kesho yake, alipotoka uani akaona kwamba kiti cha ngozi, ambacho siku zote kilikabiliana na bao, kilikuwa kimegeuka kidogo kuelekea mlango.

Siku ya Jumanne hakwenda kuswali. Alifunga duka, akaingia nyumbani kwa kunyata, akasimama nyuma ya mlango wa uani na jicho lake kwenye ufa wa mbao, na nyuma yake Mwajabu alikuwa amelala akihema taratibu. Mvua ilikuwa inanyesha bila upepo. Adhana ikaja kutoka mbali, ikaisha, na palepale alisikia miguu ya kiti ikiburutwa juu ya udongo, kidogo tu, kama mgeni mwenye adabu anayejivuta akae vizuri. Hapakuwa na mtu. Lakini ngozi ya kile kiti, ambayo ilikuwa imekaza sawasawa, ilianza kubonyea katikati, ikabonyea na kubonyea hadi ikalia, kama inavyolia chini ya mtu mzito aliyechoka na safari, na harufu ya majivu mabichi ikapita kwenye ufa ikamjaa puani, na kete zikanyanyuka kutoka shimoni zikaenda zikidondoka, moja hapa, moja pale, tak, tak, zikirudi nyuma kutoka pembeni, zikala, zikazunguka, zikala tena, na kila kete ya Gharibu ilipoondoka kiti kile kiligeuka kiasi cha upana wa kidole kuelekea mlango alikosimama yeye, na nyuma yake Mwajabu aliguna usingizini akajishika tumbo, naye Gharibu akataka kusoma Ayatul Kursi aliyoijua tangu hajaota meno ya pili, akafungua kinywa, akakuta maneno ya kwanza yamempotea. Alisimama hivyo mpaka ngozi ilipoinuka. Alipoteremka uani juu ya kiti palikuwa na vumbi la majivu.

Sasa akatafuta msaada, na ukitafuta msaada utaupata mwingi kuliko unavyoweza kuubeba. Kila aliyeulizwa alikuwa na jibu, na majibu hayakujuana. Shehe wa msikitini alimwambia alipindue bao na kuzimwaga kete. Alizimwaga, na adhuhuri akazikuta mashimoni kama zilivyokuwa, bila hata moja kukosea shimo. Shehe mwenyewe akaja na chetezo cha ubani, akasoma uani mpaka sauti ikamkauka, na kwa siku tatu hapakuwa na kitu. Siku ya nne mchezo ulichezwa, na kiti kilikuwa kimegeuka zaidi. Mganga mmoja wa Buhigwe akasema achinje jogoo mweupe. Wa pili akasema kosa ni ule weupe wa jogoo. Dadi alishauri bao lichomwe moto, na Gharibu alijaribu, lakini kijinga cha moto kilipogusa mbao Mwajabu alilia kutoka ndani kwa sauti ambayo hakuwahi kuisikia, naye Gharibu akakizima kwa mikono yake mitupu.

Mwisho akaona hili ni bao, na dawa ya bao ni fundi wa bao. Kipriani alikuwa anashuka na mzigo Kigoma. Gharibu akampa salamu za kumpelekea Mwalimu Hilali, Ujiji: kwamba mwanafunzi wake amekwama katika mchezo asioujua, maji yamemfika shingoni, aje amtoe, asikawie.

Kipriani alirudi na kusema hakumkuta. Mzee alikuwa amevuka ziwa kwenda Kalemie kwa binti yake, na haijulikani atarudi lini. Salamu alikuwa amezikabidhi kwa majirani. Akazunguka lori lake akigonga magurudumu kwa kirungu, kisha akasema lile ambalo labda angelisema siku ya kwanza kama angeulizwa.

"Umewauliza watu wote isipokuwa wenyewe."

Wenyewe walikuwa katika kijiji kipya kando ya barabara ya Kibondo, nyumba zimepangwa mstari kama wanafunzi. Kipriani alimpeleka hadi nyumba ya mama mmoja, Maximilla, mjane, aliyekuwa akipura maharage na mwanawe Makarius. Gharibu akaamkia, akaeleza kila kitu, na hakuficha kwamba alichukua bila hodi. Mama yule aliendelea kupura. Alipolisikia neno kiti akasimamisha fimbo.

"Na kiti ulichukua?"

"Nilichukua, mama."

Alikaa chini kwenye maganda. Kiswahili chake kilikuwa cha kutafuta, na alipokosa neno alimtazama Makarius, naye akampa.

"Sikiliza, mwana wanje, mwanangu. Kwetu mtu akija kucheza anakaa nje. Hata kama ni ndugu. Mchezo ukiisha, aliyefunga na aliyefungwa, wote mnaingia ndani, mgeni anakula. Huwezi kumwacha mtu nje mchezo umeisha. Ndiyo desturi, na huyu naye anaijua. Alitoka korongoni zamani za babu yake mume wangu, akataka kuingia nyumbani. Yule mzee alikuwa na akili. Akamwambia, karibu, kaa kwanza tucheze." Akakung'uta mikono. "Hawakuwahi kumaliza. Baba akifa, mtoto anakaa. Zamu moja kwa siku, basi. Unamla kidogo, anakula kidogo. Hafungwi, hafungi. Anakaa nje."

Gharibu akauliza kama mchezo ule uliwahi kumalizika.

"Mara moja. Kijana wa shemeji yangu alikuja kututembelea, akajiona hodari, akamfunga. Nilikuwa na mtoto wa kunyonya, wa kabla ya huyu." Aliokota punje ya maharage iliyoruka mbali, akairudisha kwenye lundo. "Ugali yeye hali."

Gharibu alisikia joto likimtoka mwilini. Akauliza kwa nini basi walimwacha, na mama yule akamjibu kwamba walipohamishwa walipakiwa asubuhi moja, askari mgambo wanapiga filimbi, wakaona afadhali bao libaki na kiti kibaki, angojee zamu ya mwenyeji, angojee mpaka dunia iishe. Gharibu akasema atavirudisha kesho.

"Virudishe. Nani atakaa acheze naye kule? Sisi tumekatazwa kurudi mabondeni. Alikuwa anangoja zamu yako, wewe ukamjibu. Sasa ana mwenyeji, na njia ya kwako ameijua."

Makarius alichimba mashimo ardhini kwa kisigino, akamwonyesha bao la huku: ni mashimo gani ya pembeni yanaruhusu kurudi nyuma, na unakula vipi ukirudi. Gharibu alijifunza akiwa amepiga magoti kwenye maganda ya maharage, yeye bingwa wa Kasulu. Ilikuwa rahisi kuliko alivyodhani. Alichokiita wizi kilikuwa ni kutokujua kwake tu.

Alifika nyumbani akakuta amebakiwa na kete kiduchu katika safu ya mbele, na kiti kinatazama mlango karibu kabisa. Alichota kwenye shimo la pembeni, akarudi nyuma, akala kidogo. Kesho yake kiti kilikuwa kimejivuta nyuma upana wa kidole. Akala kidogo tena. Mwajabu akaketi kitandani, akaomba uji, akalalamika kwamba hauna sukari, na Gharibu akaenda dukani kuchukua sukari huku machozi yakimdondoka bila kuyafuta.

Hakumwambia mkewe alichoambiwa. Alijisemea kwamba mwenye mimba hatishwi. Alimwambia tu kwamba bao lile ni amana ya watu, lisiguswe, akamwambia na Dadi vivyo hivyo. Mtoto alipozaliwa, msichana mwenye afya na kelele, wakamwita Siti, Gharibu alijisemea tena kwamba mwenye kunyonyesha naye hatishwi, na baada ya hapo hakutafuta tena sababu.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, watu husema, lakini huyu alikaa mwaka na zaidi na hakuna aliyethubutu kumpa jembe. Gharibu alizoea kama mtu anavyozoea jino bovu. Asubuhi alicheza zamu yake, adhuhuri ilichezwa ya pili, na lango la ua hakulitia tena kufuli. Barazani aliacha kabisa kucheza, na watu wakasema ameona haya kwa kufungwa na mtu asiyejulikana. Hilo lilimuuma, akalimeza. Kazi yake sasa ilikuwa kutokufunga, na kwa mtu wa aina yake kutokufunga ni kazi ngumu kuliko kufunga. Ngozi ya kiti nayo iliacha kuinuka. Ilikaa imebonyea mchana na usiku.

Kisha, Siti alipoanza kutambaa, mgeni akabadilisha uchezaji. Akaanza kujiacha wazi. Aliziweka kete zake mahali ambapo mtoto wa chuoni angeziona, safu ya mbele yote ya kuliwa kwa mzunguko mmoja. Gharibu aliona, akajua anaona nini, akacheza kwingine. Kesho mgeni akajiacha wazi zaidi. Mikono ilimwasha. Wakati mwingine aliamka asubuhi akiwa ameota ameshinda, na mkewe akamwambia alikuwa akicheka usingizini.

Ijumaa moja ya masika Gharibu alikwenda msikitini mapema. Hotuba ilikuwa ndefu. Dadi alichelewa kuja, akajipenyeza kwenye safu pembeni yake, na walipotoa salamu akamnong'oneza kwa furaha kwamba ana mgeni. Mzee kutoka Ujiji, amefika na basi. Amesema msafiri hana Ijumaa, ataswali adhuhuri yake hapo hapo na kumsubiri. Dadi alikuwa amemwingiza uani apumzike, akambishia Mwajabu mlango akamwambia Mwalimu Hilali amekuja, kisha akakimbilia swala.

Gharibu alisahau viatu. Alikimbia katikati ya tope la soko na pindo la kanzu yake mkononi, na njiani alikuwa anaziona zile salamu zake zikitoka mdomoni mwake mwaka ule, kwamba amekwama, aje amtoe, salamu ambazo hakukumbuka hata siku moja kuzifuta.

Lango la ua lilikuwa wazi. Mwalimu Hilali alikuwa ameketi kwenye jiwe, upande wa Gharibu, mzee mwembamba mwenye kofia iliyodariziwa, na alipomwona mwanafunzi wake uso wote ulimchangamka.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema. "Nisamehe, mwanangu. Nimerudi Ujiji juzi tu, nikazikuta salamu zako. Na kumbe mambo yenyewe ni haya? Yule mwenzako ni mzembe. Alijiacha wazi kabisa." Akaonyesha bao kwa mkono mzima. "Nimekumalizia. Umeshinda."

Safu ya mbele ya upande wa pili ilikuwa tupu. Mashimo manane, hata kete moja. Gharibu alinyanyua macho polepole, maana hakutaka kuyanyanyua, akatazama kiti. Ngozi ilikuwa imeinuka. Ilikuwa imekaza, imenyooka, kama haijawahi kukaliwa na mtu.

"Mwalimu," alisema, na sauti ilikuwa ndogo. "Mtu yeyote amekukaribisha ndani?"

"Sasa hivi. Nilipomwambia mkeo nikiwa nje ya mlango kwamba mchezo umekwisha, akasema karibu ndani, chakula kiko tayari. Mke ana adabu huyo. Nikamwambia acha ninawe kwanza."

Mzee aliinama akachukua kata ya maji. Harufu ya majivu mabichi haikuwepo uani. Ilikuwa inatoka mlangoni, na mlango ulikuwa umeegeshwa nusu, na ndani Mwajabu, ambaye maisha yake yote hakuwahi kumwona Mwalimu Hilali kwa macho, alikuwa akizungumza kwa ile sauti nzuri anayoitumia kwa wageni wa heshima.

"Karibu, Mwalimu, karibu sana. Pole na safari, hata miguu imejaa majivu. Mwenyewe hakawii kurudi. Nishikie tu huyu Siti, nikupakulie."

Gharibu alikuwa ameshaanza kukimbia. Nyuma yake alisikia maji ya kata yakimwagika, na Mwalimu Hilali, bado yuko uani kando ya bao, akiuliza huyo ndani anaongea na nani.